Mipini Iliyokonda

"Shemeji, hebu nieleze," alisema mwenye bucha, huku akikitoa kisu ndani ya gazeti alilokuwa amekifungia. "Miti imeadimika kiasi hicho, au mnatubania tu?"

Watu walimwita Mifupa, ingawa mwilini mwake hapakuwa na mfupa hata mmoja uliokuwa ukionekana. Alikuwa mteja wetu tangu enzi alipokuwa akichuna ng'ombe wa watu wengine kwa kuajiriwa, na kisu chake cha kwanza alikinunua kwetu. Mtu wa namna hiyo akilalamika, hukimbilii kumjibu. Nikafuta mikono kwenye aproni, nikakipokea. Kilikuwa kisu chetu, sikuwa na ubishi: bapa la mume wangu, lenye mgongo mnene unaopungua taratibu kuelekea nchani, na mpini wangu wa mpera wenye ribiti tatu za shaba. Kilitoka kwenye benchi lile lile nililokuwa nimeliegemea.

"Kina nini?" nikauliza.

"Kishike."

Nikakishika. "Mbona kimetulia?"

"Kwako wewe. Mkono wako ni wa kushonea vifungo. Mimi nikikishika hiki, vidole vinapita vinakuja kugonga kiganja. Kinazunguka. Jana kimenizungukia kwenye paja la ng'ombe, nusura nijikate mwenyewe niuzwe kwa kilo." Akashusha sauti, kama anayetoa habari za msiba. "Mipini yenu imekonda, shemeji. Imekonda kama ina mawazo."

Nina ulimi, sikatai. Nikamwambia labda ni yeye aliyenenepa, kwamba nyama isiyonunuliwa anakwenda kuimaliza nyumbani. Akacheka mpaka benchi likatikisika, akaniachia kisu, akasema wenye visu vikali ndio wala nyama, lakini kwanza lazima waweze kuvishika. Akaenda zake. Nikabaki na hasira. Nilikuwa nimechonga mipini tangu usichana wangu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kazi yangu inazunguka mkononi.

Nikaamua kumwonyesha. Ukutani kwetu kulikuwa na visu vilivyotundikwa kutoka mlangoni hadi dirishani, kwa sababu mume wangu alikuwa na desturi yake: kisu cha kwanza cha kila mkupuo hakiuzwi. Kinatundikwa kwenye msumari, kinafuata kilichokitangulia, ili tukisahau tulivyofanya twende tukaulize pale. Nikakitungua kimoja cha karibu na mlango, cha zamani kabisa, nikakilaza benchini kando ya kisu cha Mifupa. Nilitaka kuviona vimefanana ili siku ya pili nimchambe vizuri.

Havikufanana.

*

Kwetu kazi ilikuwa imegawanywa siku nyingi. "Chuma changu, mti wako," ndivyo alivyosema mume wangu wiki ile ile tuliyofunga ndoa, na tuliishi hivyo. Yeye alikuwa na tanuri nyuma ya nyumba, fuawe na nyundo zake. Mimi nilikuwa na chumba cha mbele, benchi, jiliwa, tupa za mbao, misasa ya kila daraja na kopo la nta. Hakugusa mti wangu, nami sikuthubutu kupitisha tupa kwenye chuma chake, hata kama kulikuwa na kijinundu kinachonikera. Nikikiona, nilimwita. Alikuja akinung'unika, akakiondoa yeye mwenyewe, akarudi kwenye moto wake. Aliniita fundi, nami nilimwita fundi, na mgeni akiingia akauliza fundi yuko wapi, tulijibu pamoja.

Mahali pekee tulipokutana ni kwenye kukishika kisu. Nikishachonga mpini, nikauondolea kona kwa tupa, nikaupiga msasa wa kwanza na wa pili, nilimpelekea. Alifuta mkono kwenye suruali, akafumba macho, akaukamata mpini na kuzungusha kiwiko kidogo kama mtu anayefungua mlango. Kisha alisema neno moja kati ya mawili. "Mnene," na mimi nikarudi benchini. Au "Umekaa," nami nikachukua nta. Rula ilikuwepo dukani lakini haikuwa ya mipini. Mkono wake haukuwa mkubwa wala mdogo, na kilichomkaa yeye kiliwakaa karibu watu wote. Mkono wake ndio uliokuwa kipimo chetu, na kipimo hakipimwi.

Ndivyo tulivyojuana, hata. Baba yangu alikuwa seremala, na mhunzi huyu kijana alikuja kwake kutafuta mtu wa kumtilia visu mipini. Baba alichonga mipini ya jembe, si ya kisu, kwa hiyo akanisukumia mimi. Nikamchongea wa kwanza, akaushika, akasema mnene. Nikaupunguza. Kesho yake akarudi: mnene kidogo. Keshokutwa akarudi. Siku moja alikuja akalalamikia mpini ambao hata sikuwa nimeanza kuuchonga. Alipoondoka, baba aliweka randa chini, akajifuta jasho, akamwambia mama kwa sauti ya kunifikia mimi, "Huyu kijana tatizo lake si mpini." Tulioana kabla mwaka haujaisha, na maneno yale ya baba tuliyacheka maisha yetu yote.

*

Sasa nilikuwa nimesimama na visu viwili mkononi. Nikavitungua vingine. Nilianzia mlangoni, nikaenda kuelekea dirishani, nikivishika kimoja baada ya kingine, na katikati ya safari nikafumba macho kama alivyofanya yeye.

Visu vya mlangoni vilinijaza kiganja. Mkono wangu mdogo haukuweza kuvizunguka. Nikaenda, nikaenda, vikawa vile vile, mwaka baada ya mwaka, kama mtu mmoja ananipa mkono huo huo. Halafu, nilipokaribia dirisha, mti ukaanza kuniachia nafasi. Kidogo tu. Kisu kilichofuata, kidogo zaidi. Kwenye msumari wa mwisho ncha za vidole vyangu zilikutana na kiganja changu.

Nikafumbua macho. Mimi ndiye niliyeichonga yote, na sikuwa nimepunguza hata unywele bila kuambiwa. Niliambiwa mnene nikasugua. Nikaambiwa mnene nikasugua tena. Na katika nyumba yetu wanaoambiana habari za mipini walikuwa wawili tu.

Mtu akishafunguka macho, hata vya zamani huviona upya. Nyundo kubwa ilikuwa imekaa bila kazi muda mrefu, eti inamchosha kwa kelele zake. Mashati ya vifungo alikuwa ameyaacha, anavaa fulana, eti joto. Chai alikuwa akiishika kwa mikono miwili, nami nilimtania kwamba anakunywa kama bi harusi. Wifi yangu alikuja kututembelea akaniuliza, mbele ya watu, "Kaka yangu mbona amekonda mikono, humlishi?" Nikamtolea maneno ambayo siwezi kuyarudia, akaondoka bila kuaga. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu mke anayemshikia mgonjwa pazia.

Niliogopa. Niliogopa kiasi kwamba nilikaa juu ya vumbi la mbao na aproni yangu, visu vimenizunguka, nikawa navihesabu bila kupata hesabu. Halafu nikasikia hatua zake uani. Alikuwa amekwenda kuulizia mkaa. Akaingia, akasimama mlangoni, akaviona visu vyake vyote vimeshuka ukutani.

"Kumekucha," akasema.

"Navipaka mafuta," nikamjibu. "Vimekauka."

Akavitazama, akanitazama. Alikuwa na namna ya kutazama kitu kana kwamba anangoja rangi yake ibadilike kwenye moto. Nilidhani atauliza mafuta yako wapi, maana kopo lilikuwa rafuni, limefungwa.

"Vizuri," akasema. "Vilikuwa vimekauka kweli."

Akapita.

*

Usiku ule sikusema, na asubuhi yake sikusema. Nilijiambia kwamba nikinyamaza hakuna kilichotokea. Lakini kisu cha Mifupa kilikuwa pale, na mti ukishaondoka haurudi. Ilibidi nizing'oe ribiti na kuanza upya. Nikachukua boksi la viatu, nikakata kipande cha karatasi ngumu kwa kufuata tumbo la mpini wa kale wa karibu na mlango, nikapata kipimo kisichougua. Nikakificha chini ya kopo la nta. Tangu siku ile nilichonga kwa karatasi.

Tatizo likawa yeye. Desturi ni desturi: lazima aushike. Nikimpelekea mpini uliofika kwenye karatasi, alifumba macho, akajaribu kuukamata, na nikaona sasa, kwa kuwa nilikuwa najua pa kutazama, jinsi kidole gumba kilivyotafuta pa kushika kikakosa.

"Mnene," alisema.

Ningefanya nini? Nikiusugua, Mifupa atarudi. Nisipousugua, nitakuwa nimemwambia mume wangu kwa mkono kile nilichoshindwa kumwambia kwa mdomo. Nikarudi benchini, nikampa mgongo, nikageuza msasa. Upande wenye mchanga nikauelekeza kiganjani, upande wa karatasi nikauelekeza kwenye mti, nikasugua kwa bidii zote. Karatasi tupu haikati kitu. Inang'arisha tu. Mchanga ulinichubua kiganja, lakini mabega yangu yalikwenda mbele na nyuma kama ya mtu anayefanya kazi, na mara ya pili nilipompelekea mpini ule ule alisema mnene tena, na mara ya tatu akasema, kwa sauti ndogo, "Umekaa."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilijiona mjanja. Mipini ilitoka minene kama zamani, wateja walinyamaza, naye alibaki kwenye kiti chake karibu na mlango akiwa bado kipimo cha nyumba. Nilidhani nimempa kitu. Tukaendelea hivyo, kila mpini na mchezo wake, nami kiganja kikaota sugu mpya mahali ambapo fundi wa mipini hapaswi kuwa na sugu.

Kisha ikaja alasiri moja ya mvua. Tanuri lilikuwa limezimwa, kwa sababu siku hizo alikuwa anafua asubuhi tu, vibapa vidogo vya kumenyea matunda. Alisema ndivyo vinavyotoka. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kichwa amekiegemeza ukutani, macho kafumba. Mimi nilikuwa nasugua na msasa wangu uliogeuzwa. Mvua ikapungua, chumba kikawa kimya.

"Fundi," akasema, bila kufumbua macho. "Umegeuza msasa."

Mkono wangu ukaendelea kusugua peke yake, kwa aibu tu.

"Unasemaje?"

"Msasa. Umeugeuza. Nimekaa na sauti hiyo miaka yote hii, unadhani siijui? Ukikata mti unakwaruza. Huo unanong'ona." Akanyoosha mkono. "Lete."

Nikampelekea. Akajaribu kuufumbata mpini, vidole vikafika nusu ya njia vikasimama hapo, vikitetemeka kidogo. Akautazama vizuri, akaugeuza, akapitisha kidole gumba juu ya ribiti.

"Huu ni mzuri," akasema. "Huu ni wa Mifupa kabisa. Usiuguse tena."

"Umesema mnene."

"Nimesema."

"Sasa?"

Aliutazama mkono wake pale gotini kama unavyomtazama mpangaji mwema aliyeleta taarifa ya kuhama. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Nilipokuwa nakuja kwenu," akasema, "mzee alimwambia mama yako nini?"

Nilijua. "Alisema tatizo lako si mpini."

"Basi. Kila niliposema mnene, nilikuwa nangoja uniambie hivyo. Ukawa unasugua. Nikasema, ah, kesho atasema. Kesho nikasema mnene, ukasugua. Nimekutia kazi mpaka mipini ikabaki kama njiti. Fundi, nimeoa mwanamke mwenye ulimi kuliko wote mtaani, na siku ninayouhitaji huo ulimi umekwenda likizo."

"Ungesema wewe!" Nilipiga kelele, majirani walisikia, sikujali. "Si una mdomo? Mkono ni wako!"

"Nikisema mimi ni wangu," akajibu. "Ukisema wewe, ni wetu."

Nililia. Nilikaa chini pale pale, nikaweka uso magotini pake, nikalia kwa ajili ya mkono ule, na kwa ajili ya miezi yote tuliyokaa chumba kimoja, yeye akiniuliza swali lile lile kwa neno lile lile, nami nikimjibu kwa msasa. Yeye hakulia. Aliniwekea mkono kichwani, na nilihisi ulivyokuwa mwepesi.

*

Hospitali tulikwenda. Daktari alimwambia amkamate vidole, akavuta, akamgonga magoti, akamchoma sindano za kupima mishipa. Akatueleza kwamba ni ugonjwa unaokula misuli, unaanzia popote unapotaka na wa kwake ulianzia mikononi. Nikamuuliza kama tumechelewa. Akasema hapana, hata tungefika siku ya kwanza, dawa ya kuurudisha nyuma hana. Alidhani ananifariji, na kwa upande mmoja alinifariji. Upande mwingine haukuwa wa daktari. Tungeweza kuzungumza miezi ile yote, na hatukuzungumza.

Tulifidia. Jinsi tulivyozungumza baada ya hapo! Alihamishia kiti chake kando ya benchi langu, akawa anaongea kutwa nzima: habari za bwana aliyemfundisha uhunzi, za kaka yake aliyempenda na hawakuelewana, za namna alivyohesabu vizuri visingizio vya kuja kwa baba. Watu waliokuja dukani walituona tunacheka wakadhani tumepona. Alimwita Mifupa akamwonyesha mkono wake. Mifupa, yule mtu mzima wa kuchinja ng'ombe, akaugeukia ukuta akajifanya anachagua kisu, na alikaa anachagua muda mrefu.

Siku moja, mvua zimekwisha, mume wangu aliniambia, "Fundi, nichongee kisu."

"Cha nani?"

"Changu. Visu vyote hivi, sina hata kimoja. Nataka kimoja cha mkono huu nilio nao, si ule wa zamani."

Tukachagua mojawapo ya mabapa ya mwisho aliyofua, dogo, lisilofika urefu wa kiganja. Nikalikatia vipande viwili vya mpera, kila upande kimoja, nikapiga ribiti. Nikalibana kwenye jiliwa, nikaanza. Tulifanya kazi ile mchana, mlango wazi, bila haraka. Nilisugua kidogo, nikampa. Mnene. Nikasugua. Mnene. Safari hii tulipolitamka neno lile hatukuogopana. Mti ukaisha karibu wote. Ukabaki utando tu pande zote mbili, na chini yake mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Akaujaribu. Vidole vikafika karibu, havikufika.

"Mti umekwisha," nikasema. "Kilichobaki ni chuma."

"Basi chukua tupa."

Nilidhani sikusikia. Nikasema, "Chuma ni chako."

"Nimesema chukua tupa, fundi. Na wewe mbishi."

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kukigusa chuma chake. Nikachukua tupa yake kutoka kwenye msumari wake nyuma ya mlango, nzito, mshikio wake umelainishwa na jasho la mkono ambao haukuwepo tena, nikaanza kula kingo za ule mkia. Chuma kililia. Nilifikiri atakunja uso, maana alikuwa akikunja hata nikigonga bapa kwa bahati mbaya. Alisikiliza kichwa kimeinama upande, kama anasikia habari njema za mtu wa mbali. Mara mbili aliniambia nipunguze pembe, nikapunguza. Alinifundisha. Tuliingia kwenye chuma kidogo kidogo, mti na chuma vikiwa kitu kimoja, mpaka ile sehemu ya kushika ikawa nyembamba ajabu, ya kuchekesha, kisu ambacho hakuna mtu mwenye akili angekinunua.

Nikakipiga msasa laini, nikampa.

Akafuta mkono kwenye suruali. Akafumba macho. Vidole vikazunguka, vikafika, vikagusa kiganja. Akazungusha kiwiko kidogo.

Alikaa hivyo, akiwa amekishika, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Umekaa," akasema.

Alimenyea machungwa kisu kile mpaka siku ambazo hakuweza kumenya tena. Kisha nilimmenyea mimi, kwa kisu changu kingine, kwa sababu kile kilinizunguka mkononi. Alifariki asubuhi, mapema, hali najiandaa kumchemshia maji. Nikakirudisha kisu chake jikoni, kwenye droo, sikukitundika ukutani.

*

Binti yetu alirudi kutoka mjini alikokuwa akifanya kazi, akasema anakaa wiki, akakaa moja kwa moja. Mabapa tunayachukua kwa mhunzi mwingine sasa, si mabaya. Mipini anachonga yeye. Kipimo changu cha boksi la viatu kilipochakaa alikinakili kwenye bati, na anafanya kazi safi, safi kuliko yangu, sioni haya kusema. Haji kwangu kwa sababu anahitaji. Anakuja kwa heshima tu. Akimaliza mpini ananiletea kitini, mimi namshikia, namwambia mnene au umekaa, naye anaitika "sawa mama" na kwenda kwenye nta. Kiti ni kile cha karibu na mlango.

Jana nilikuwa namenya chungwa. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Akaniletea mpini, nikaweka kisu pajani, nikaushika.

"Mnene," nikamwambia.

"Sawa mama."

Akarudi benchini, akanipa mgongo. Nikachukua kisu changu nikaendelea na chungwa, ganda likitoka refu bila kukatika, na nilikuwa nimefika nusu ndipo nikasikia. Sikutaka kusikia. Nikasimamisha mkono, nikatega sikio kabisa.

Msasa wake haukuwa unakwaruza. Ulikuwa unanong'ona.

Sikuwahi kumsimulia. Hakuna aliyemsimulia, kwa sababu waliojua walikuwa wawili. Nikamtazama mgongo, mabega yakienda mbele na nyuma kwa bidii, na nikamwonea huruma kwa sababu ile kazi naijua inavyochubua. Halafu nikatazama mkononi mwangu. Kisu nilichokuwa namenyea, nilichokitoa kwenye droo sijui tangu lini bila kufikiri, kilikuwa kile chembamba. Kilikuwa kimetulia. Hakikuzunguka hata kidogo, na vidole vyangu vilikuwa vimegusa kiganja.

Mabega ya binti yangu yalikuwa bado yanakwenda. Alikuwa ananingoja niseme, au alikuwa anaomba nisiseme; ukiwa nyuma ya mtu huwezi kujua.

"Mwanangu," nikasema. "Weka msasa chini."

Sauti ikakoma. Hakugeuka.

"Si mpini," nikamwambia. "Njoo ukae."

Akavuta kigoda, akaja akaketi mbele yangu na vumbi la mbao kwenye nyusi, mdomo unamcheza. Nikaweka kisu na chungwa kando, nikafuta mkono kwenye kanga, nikampa aushike.